Nililipa 14,000 mkono wangu upimwe kwa kamera. Fundi mwenzangu, soma kwanza

Kidole gumba changu cha kulia kilianza kufa ganzi msimu wa sare uliopita, ile wiki ya mwisho wa Desemba ambapo wazazi wote wa Nairobi hukumbuka kwa pamoja kwamba shule zinafunguliwa Januari. Nikawa naamka saa tisa ya usiku nikikung'uta mkono kama mtu aliyeshika makaa. Mimi ni mkataji. Nina kibanda Uhuru Market, hapo Jogoo Road, na kazi yetu ni kaptula, sketi, mashati na marinda ya shule. Tuko wanne: mimi, mzee tunayekata naye, na dada wawili wa cherehani ambao nao hushika mkasi kazi ikizidi. Mkono wa mkataji ukigoma, kibanda kizima kinakaa kusubiri.

Daktari alinieleza vizuri. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, na ndani yake zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja. Kano zikivimba kwa kazi ya kurudia-rudia, nafasi inakwisha, na anayebanwa ni neva. Akanipa kifaa cha kufunga kifundo nikilala, kisha akasema nipunguze kukata. Nikamwangalia tu. Kodi ya kibanda haijui kupunguza.

Habari za vijana wa kamera nililetewa na mteja aliyekuja kuchukua sketi za binti yake. Ni wahandisi wawili, mvulana na msichana, wamekodi chumba kimoja upande wa Ngong Road. Wanakuja kazini kwako, wanarekodi mikono ikifanya kazi, kisha kompyuta inajenga mfano wa mkono wako na kuonyesha unajiumiza wapi. Jina lao silitaji kwa sababu waliniomba: huduma bado wanaijaribu, na sisi tulikuwa watu wao wa kwanza wa nguo. Lakini mafundi watatu wa laini yetu wameshaniuliza kama pesa ilienda bure, na mdomo umechoka kurudia hadithi, ndiyo maana naandika.

Bei ilikuwa shilingi 14,000: siku mbili za kurekodi, ripoti, na ziara moja ya kufuatilia. Nusu nilituma kwa M-Pesa kabla, nusu baada ya ripoti. Ukitaka glavu yenye waya, unaongeza 3,000.

Glavu niliilipia, na ndiyo pesa pekee ninayoililia. Ni glavu nyembamba yenye vipande vinavyopinda vimeshonwa juu ya kila kidole, na kila ukikunja kidole kompyuta inajua umekunja kiasi gani. Kwenye maelezo inapendeza. Sasa ivae ukate. Mkataji anasikia kitambaa kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Tabaka la chini likiteleza nusu sentimita, vidole vinajua kabla ya macho. Nilipovaa glavu nikawa natembeza mkono polepole kama mgeni anayetafuta swichi gizani, na mashati mawili yakatoka na bega moja refu kuliko lingine. Walichopima ni mkono wa mwanamke aliyevaa glavu, na huyo hafanyi kazi kwangu. Usiilipie.

Kamera ni habari nyingine. Waliweka simu tatu kwenye stendi: moja juu ya meza ikiangalia chini, moja ubavuni, moja mbele yangu. Programu inachukua picha ya mkono na kuuwekea nukta 21, moja kwenye kifundo na nne kwa kila kidole, kisha inaziunganisha kwa mistari. Mkono wa mtu una mifupa 27, kwa hiyo kinachotokea kwenye kioo ni mkono wa vijiti tu, kama mchoro wa mtoto wa chekechea. Lakini vijiti hivyo vinatembea unavyotembea, na ukivirudisha polepole unaona mambo ambayo miaka 22 ya kazi haijakuonyesha.

Kosa langu lilikuwa kwenye mduara wa kwapa la shati. Pale mkasi unatoka kwenye mstari wa ubavu na kuanza kupinda kwenda begani. Mimi nilidhani nageuka na kitambaa. Kumbe sigeuki. Miguu imesimama palepale, kiwiko kimeinuka hadi karibu na sikio, na kifundo kimevunjika kuelekea nje huku kidole gumba bado kinafunga mkasi. Yule binti mhandisi alisimamisha picha hapo. Akachora pembe: digrii 38. "Mama, hapa ndipo unapolipia," akaniambia. Nikamwomba anionyeshe tena. Nikakata shati lingine nikijichunga, na kwenye kona ileile mkono ukafanya vilevile. Hapo nilisikia vibaya kidogo, siwadanganyi. Ni kama kusikia sauti yako kwenye simu.

Tulipokuwa tunangoja stima irudi (ilipotea saa nzima, kama kawaida) binti alinisimulia kisa kilichonipendeza kuliko ripoti yenyewe. Miaka zaidi ya 100 iliyopita huko Marekani kulikuwa na Frank Gilbreth, aliyeanza maisha kama fundi wa kujenga kwa matofali. Yeye na mkewe Lillian walikuwa wanamfunga mfanyakazi taa ndogo kwenye kidole, wanaacha kamera wazi muda mrefu, na njia nzima ya mkono inabaki kwenye picha kama uzi wa mwanga. Kisha wanakunja waya kufuata ule uzi, ili mfanyakazi aushike mwendo wa mkono wake, auzungushe, auone kila upande. Kwenye matofali, Gilbreth alipunguza miondoko ya kuweka tofali moja kutoka 18 hadi 5, na jambo kubwa alilofanya lilikuwa kuyainua matofali yamfikie fundi kiunoni badala ya fundi kuyainamia kila mara.

Sasa angalia meza yangu. Ilikuwa na urefu wa sentimita 78. Niliinunua pamoja na cherehani mbili kutoka kwa mama aliyekuwa anarudi Murang'a, na sikuwahi kujiuliza kwa nini meza ya kukatia ina kimo cha meza ya kulia chakula. Mimi ni mrefu. Kiwiko changu kiko sentimita 106 kutoka sakafuni. Kwa kazi nyepesi ya kusimama, meza inatakiwa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 5 hadi 10 hivi. Yangu ilikuwa chini kwa 28. Mgongo unainama kuifuata, kiwiko kinapanda kutafuta nafasi, na kifundo kinalipa deni la wote wawili.

Kuna karatasi ya alama wanayoitumia, inaitwa RULA, iliyotungwa na Lynn McAtamney na Nigel Corlett wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1993. Inapima bega, mkono, kifundo, shingo na mgongo, kisha inakupa namba kutoka 1 hadi 7. Kifundo kikipinda zaidi ya digrii 15 tayari unaongezewa. Mimi nilipata 6. Mzee alipata 7, ambayo maana yake ni badilisha sasa hivi. Mzee akasema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuwa namba moja tangu shule ya msingi.

Lakini ripoti ilipokuja (imechelewa siku nne, nitaeleza) ilikuwa imependekeza meza ya sentimita 93. Nikauliza 93 imetoka wapi. Imetoka kwenye wastani wetu sisi wanne! Mmoja wa dada zangu ni mfupi kabisa, kiwiko chake kiko 91. Kwa hiyo meza ya wastani ingekuwa juu ya kiwiko chake na bado chini kwangu. Hakuna mtu kibandani mwangu anayeitwa Wastani. Kijana alikubali kosa, akarekebisha: meza 97 kwa sisi wawili tunaokata kutwa, na dada asimame juu ya jukwaa la mbao akija kusaidia. Vipande vya mbao vya kuinulia miguu ya meza nilichongewa Gikomba kwa shilingi 800. Jukwaa lilidumu siku sita; siku ya saba dada alirudi nyuma akibeba marobota ya kitambaa, akakanyaga hewa, akakaa chini mbele ya wateja. Jukwaa sasa linawekewa sufuria. Yeye anakata kwenye meza ya ovaloki, na nadhani ana haki.

Kuhusu kuchelewa kwa ripoti. Kamera inaona kinachoonekana. Mkono wangu wa kushoto nusu ya kazi uko chini ya kitambaa, unakinyoosha, unakisukuma. Ukifichika, programu haisemi haioni, inakisia. Tuliangalia pamoja sehemu moja ambapo kidole gumba changu kimekunjwa kinyumenyume hadi kinagusa mgongo wa mkono. Tulicheka mpaka jirani wa vifungo akaja kuuliza kuna nini. Lakini maana yake ni kwamba wale vijana walikaa usiku kurekebisha nukta moja moja kwa mkono, na ndizo zile siku nne. Ukiwaita, waambie mapema kama kazi yako ina kuficha mikono: unga wa mandazi, ngozi ya viatu, kitambaa.

Jambo lililonikera zaidi lilikuwa ukurasa wa tisa. Hapo walilinganisha kukata shati la pamba, tabaka mbili, na kukata kaptula ya kitambaa kizito, tabaka nane. Michoro ya mikono inafanana kama pacha. Pembe zilezile, mwendo uleule. Ripoti ikaandika kwamba kazi zote mbili zina "mzigo wa wastani". Nilimpigia kijana simu hapohapo. "Wewe kijana, umewahi kukata tabaka nane?" Akanyamaza. "Njoo na mkono wako."

Akaja, na nitamsifu kwa hilo. Nilimpa mkasi wangu wa inchi 12 na kaptula za darasa la sita. Kwenye kaptula ya tatu alikuwa anabadilisha mkono. Kamera inaona mkono umeenda wapi. Mkono unapigana na nini, haioni. Misuli mingi inayofunga vidole haiko kwenye kiganja, iko kwenye kigasha, na inaweza kukaza mpaka itetemeke bila kidole kubadilisha pembe hata kidogo. Wakubwa wa kazi hii hubandika vipande vya kupima umeme wa misuli kwenye ngozi. Hawa hawana, vifaa ni ghali.

Binti ndiye aliyetutoa. Alitoa kwenye mkoba mizani ya kuning'inia, ile ya kupimia mabegi ya safari. Akafunga mpini wa chini wa mkasi ukingoni mwa meza kwa klampu, ncha yake tukaitia kitambaa, akanasa ndoano kwenye tundu la kidole gumba na kuvuta kwenda chini mpaka mkasi ukafunga. Pamba tabaka mbili: kilo 3. Kaptula tabaka nane: kilo 11. Akaangalia makali kwa mwanga wa simu. "Mama, huu mkasi umenolewa lini?"

Oktoba. Msimu mzima nilikuwa nakata na mkasi wa Oktoba.

Yule jamaa wa baiskeli anayenoa visu hupita laini yetu kila Jumanne, na anatoza shilingi 150 kwa mkasi mkubwa. Baada ya kunolewa, mizani ilisoma kilo 6 kwa tabaka nane zilezile. Sasa nimempa kandarasi: kila Jumanne ya pili, mikasi yote, hata kama naona inakata. Tabaka nane pia nimezipunguza kuwa tano. Hizo kilo 11 zilikuwa zinapita kwenye ile njia nyembamba ya kano 9 mara mia kadhaa kwa siku, na kompyuta ikazipa jina la wastani. Nusu ya ganzi yangu, nadhani, ilikuwa uvivu wa kumsimamisha mtu wa baiskeli. Hilo nimelibeba mwenyewe.

Waligundua pia vitu vidogo ambavyo sikuvitarajia. Kwa dakika 40 niliweka mkasi chini mara 61, mara nyingi kufuata chaki iliyokuwa imebingirikia upande wa pili. Sasa chaki inaning'inia kwa uzi, iko usawa wa bega la kushoto, na nikishamaliza kuchora naiachilia tu. Pini za mdomoni walinikataza kwa heshima. Nimejaribu. Bado ziko mdomoni.

Kwenye saizi ya mpini walikosea tena, ila kwa namna ya kueleweka. Walipendekeza mkasi wenye tundu kubwa zaidi, nikanunua, ukawa unacheza mkononi kama bangili ya kuazima. Mkono wa mfano wanaouanzia kwenye kompyuta umejengwa juu ya vipimo vya wanajeshi wa Marekani vilivyokamilika 2012, wanaume zaidi ya 4,000 na wanawake karibu 2,000. Ni vipimo vizuri, na viko wazi kwa yeyote kutumia, ndiyo maana kila mtu anavitumia. Ila mkono wangu haujapita kambini. Ziara ya pili walikuja na rula wakanipima kidole kwa kidole, kazi ya dakika tano. Dai hiyo dakika tano siku ya kwanza.

Sasa mzee.

Mzee alikataa kamera siku nzima ya kwanza. Sisi tunalipana kwa kipande, na yeye aliona mbali kuliko mimi: "Hii ni ya kupima mkono, ama ni ya kuhesabu kaptula ili mnipunguzie?" Swali la haki kabisa. Tangu hao akina Gilbreth na wenzao waliopima kazi kwa saa ya kusimamisha, wafanyakazi wamekuwa wakiuliza hivyohivyo. Nilimhakikishia bei ya kipande haitaguswa, na vijana wakakubali kutuandikia kwamba video zitafutwa na wao wabaki na nukta tu, zisizo na sura wala sauti. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mzee aliijua kutoka kwa mwanawe. Karatasi hiyo ninayo kwenye droo ya nyuzi. Usikubali kurekodiwa bila kuandikiwa yako.

Alipokubali, kompyuta ilimchanganya tangu mwanzo, kwa sababu mzee ni shoto. Programu ikawa inaita mkono wake wa kushoto wa kulia, na nusu saa ya kwanza ilibidi irudiwe. Kisha ripoti ikaja na sentensi iliyomuudhi: kwamba ana "tabia mbaya" ya kusukuma kidole gumba kwa ubavu kila anapofunga mkasi, na afundishwe kuiacha.

Mzee alinyanyua mkasi wake. "Njoo hapa, mwanangu." Akamwonyesha kijana. Mikasi yetu karibu yote ni ya mkono wa kulia. Ukiikamata kwa kulia, mbano wa kawaida wa vidole unazisukuma zile bapa mbili zikumbatiane, na zinakata. Ukiikamata kwa kushoto, mbano uleule unazitenganisha. Kitambaa kinaingia katikati na kutafunwa. Kwa hiyo mtu wa shoto anajifunza, bila kufundishwa na yeyote, kuvuta kidole gumba upande wake huku akifunga, ili bapa zirudi pamoja. Ile "tabia mbaya" ndiyo iliyomlisha miaka 34. Akimaliza kueleza akakata mstari mmoja bila kuvuta kidole. Kitambaa kikajikunja ndani ya mkasi kama ulimi wa ng'ombe.

Kijana aliandika kwenye daftari muda mrefu. Ripoti ya pili, waliyoituma bila kudai hata shilingi, ukurasa wa mzee ulikuwa na mstari mmoja tu: mkasi wa shoto.

Nilizunguka Biashara Street na River Road siku mbili kuutafuta. Duka la kwanza hawakujua kama kuna kitu kama hicho. La tatu waliuagiza, ukachukua wiki tatu, shilingi 4,200. Nilimkabidhi mzee Jumatatu asubuhi nikijisikia Krismasi. Akaukamata, akakata mguu wa kaptula, na mstari ukaenda kombo kuliko wa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kidole gumba kilikuwa bado kinavuta ubavuni, kwa miaka 34 ya kuvuta, na sasa kilikuwa kinazitenganisha bapa ambazo zilitaka zenyewe kukaa pamoja.

Sasa ana mwezi wa pili na mkasi huo. Kwenye mistari mirefu anatumia ule mpya, na anasema jioni bega halimuumi kama zamani. Akifika kwenye mduara, anauweka chini taratibu, anachukua ule wa zamani, anamaliza kona, kisha anaurudia mpya. Mimi naamka usiku mara moja kwa wiki, si kila siku. Vijana wanataka kurudi Novemba kumrekodi tena akiwa na mikasi miwili, na mzee amewaambia safari hii yeye ndiye atakayewatoza.